Sauti Ile Ile: Helikopta Katika Kumbukumbu za Wazee Wetu, Mpepai Mpaka Ziwa Nyasa

SEHEMU YA 1: KWA NINI NESI ANAANDIKA HABARI ZA HELIKOPTA

Wale mnaofuatilia hapa mnajua huwa naandika mambo ya presha, kisukari na lishe ya watoto. Leo naomba tutoke kidogo. Chukua chai yako, ukae vizuri, maana hii ni ndefu na nimeigawa vipande sita.

Kazi yetu sisi manesi ina faida moja ambayo watu hawaisemi: tunasikia historia. Mzee akilazwa wiki mbili, usingizi ukamkimbia saa 8 usiku, atakayemsikiliza ni nesi wa zamu. Huku kwetu Mbinga, kuanzia Mpepai kwenye mashamba ya kahawa mpaka kule chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, bado tuna wazee waliovaa sare. Wengine walikuwa JWTZ, wengine mgambo wa mpakani, wengine walivuka na kupigana pamoja na ndugu zetu wa Msumbiji. Wanazidi kupungua kila mwaka.

Majina yao siyaandiki, na usiniombe inbox. Siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Ila kuna jambo nimeliona kwa wengi wao, na nikaenda kusoma ili nilielewe. Ukiwauliza kuhusu vita, hawaanzi na bunduki wala mabomu ya ardhini, wanaanza na sauti. Wanasema ulikuwa unaisikia kabla hujaiona. Halafu wananyamaza.

Hiyo sauti ni ya helikopta. Na baada ya kusoma sana nimegundua kwamba kuna wazee wa upande wa pili, huko Ureno, ambao nao wakisikia sauti hiyo hiyo wanatokwa na machozi, lakini kwa sababu tofauti kabisa. Kwao ilikuwa sauti ya kuokolewa. Mashine ni moja na vita ni hiyo hiyo, ila kumbukumbu ni mbili. Hicho ndicho nataka tukiongelee.

SEHEMU YA 2: VITA ILIYOKUWA NG'AMBO YA MPAKA WETU

Vijana wengi wa sasa ukiwaambia Ruvuma ilikuwa mstari wa mbele wa vita wanadhani unazungumzia Majimaji. Hapana. Nazungumzia miaka ambayo babu yako alikuwa kijana.

FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikiongozwa na Eduardo Mondlane. Tarehe 25 Septemba 1964 wakaanza vita rasmi dhidi ya Wareno. Jeshi letu lenyewe, JWTZ, lilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Yaani jeshi halijatimiza mwezi, jirani tayari ni vita. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wapiganaji walifundishwa Nachingwea na Kongwa.

Vita ilienda kwenye majimbo mawili yanayopakana na sisi: Cabo Delgado upande wa Mtwara, na Niassa upande wetu. Wengi wanadhani mpaka wote ni Mto Ruvuma. Sivyo. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro pale Songea, unashuka kusini, halafu ndo unageuka mashariki na kuwa mpaka. Sehemu ya kati ya mto na Ziwa Nyasa, yaani kusini mwetu kabisa, mpaka ni mstari wa nchi kavu. Hakuna mto wa kuvuka wala daraja. Ni pori na vilima, na watu wa pande zote mbili ni ndugu. Kule ziwani ndo usiseme. Wanyasa wa kwetu na Wanyasa wa Msumbiji wanavua maji yale yale, wanaoana, wanazikana.

Wareno nao walikuwa ziwani. Walijenga kituo cha wanamaji Metangula, boti zao za doria zikawa zinazunguka upande wao wa maji. Angani walikuwa na ndege za kurusha mabomu, zikiwemo jeti za Fiat G.91, na ndege ndogo za mapanga za T-6. Zilivuka mpaka pia, na mabomu yaliangukia vijiji vyetu vya mpakani. Watu walikuwa wanakimbilia huku kwa maelfu. Ndo mkaona makambi ya wakimbizi kama Muhukuru upande wa Songea na Lundo upande wa ziwani. Kama ukoo wenu una bibi aliyetoka ng'ambo, kuna uwezekano mkubwa alipita kwenye njia hizo.

Sasa ndege ya kawaida, wazee wanasema, ilikuwa na namna yake. Inakuja kwa kasi, inaangusha, inaondoka. Ukiwahi kulala chini kwenye shimo una nafasi ya kupona. Walichokiogopa zaidi ni kile ambacho hakikuondoka.

SEHEMU YA 3: MASHINE YENYEWE NA WALIVYOISOMA

Hiyo helikopta ilikuwa Alouette III, iliyotengenezwa Ufaransa. Wareno walianza kuitumia Afrika mwaka 1963, kwanza Angola, baadaye Guinea ya Wareno na Msumbiji. Kwa macho ya leo ni kidude kidogo. Kioo kikubwa mbele kama jicho la kereng'ende, mkia mwembamba wa vyuma, nafasi ya rubani na watu sita hivi. Kasi yake safarini ilikuwa kama kilomita 180 kwa saa.

Walikuwa na mtindo wao. Helikopta kadhaa zinabeba askari watano watano, zinawashusha karibu na kambi ya wapiganaji. Pembeni inakuja moja ambayo haikubeba askari. Hiyo ilikuwa na mzinga wa milimita 20 uliofungwa mlango wa kushoto. Wareno walikuwa na jina la utani kwa hiyo ya mzinga, maana yake Mbwa Mwitu Mbaya, yule wa hadithi za watoto. Kazi yake ni kuzunguka juu na kupiga chochote kinachokimbia.

Hapa ndipo wazee wetu wanaponishangaza. Wengi wao hawakumaliza hata darasa la nne, lakini hiyo mashine waliisoma kama mtu anavyosoma kitabu. Niliyoyasikia kwa nyakati tofauti, kwa watu tofauti, yanafanana, na ukiyalinganisha na jinsi mashine ilivyoundwa unaona yana mantiki.

Kwanza, mzinga uko kushoto tu. Kwa hiyo ikitaka kukupiga lazima izunguke ikiwa imekulalia upande wa kushoto, kama mwewe anayezunguka vifaranga. Mtu aliyetulia na kuangalia inavyogeuka alijua upande gani una mauti na upande gani una sekunde chache za kusogea.

Pili, ilikuwa ya mchana. Rubani hakuwa na vifaa vya kuonea gizani kama vya siku hizi. Ndo maana wapiganaji na wabeba mizigo walilala mchana na kutembea usiku. Mzee akikuambia alitembea kutoka mpakani mpaka ndani Niassa bila kuliona jua, haongezi chumvi.

Tatu, mafuta. Alouette inakaa angani masaa matatu hivi, na humo utoe muda wa kwenda na kurudi. Ukiweza kunyamaza chini ya mti mpaka mafuta yake yaende, umepona. Kunyamaza kulikuwa silaha.

Nne, macho ya rubani yanatafuta vitu vinavyong'aa na vinavyotembea. Kwa hiyo hapakuwa na kupika mchana, maana moshi unaonekana mbali. Nguo nyeupe hazikuanikwa nje. Unga na mihogo haikuanikwa kwenye uwazi. Sufuria mpya ilipakwa masizi kwanza. Mashamba ya chakula yalilimwa vipande vidogo vidogo, yametawanyika.

Tano, milima inadanganya sikio. Hapa watu wa Umatengo mtanielewa. Sauti inagonga mlima huu inarudi kutoka mlima ule, unadhani inatoka Mbinga kumbe inatoka ziwani. Kwa hiyo walifundishana kutokimbia kabla ya kujua inakotokea. Wengi waliokufa, wanasema, walikufa kwa kukimbia.

Usije ukadhani walikuwa wanajificha tu. FRELIMO walikuwa na bunduki nzito za kupigia ndege, na chombo kinachoruka chini na polepole hakiwezi kujiamini mbele ya bunduki ya namna hiyo. Mwaka 1973 kule Guinea wapigania uhuru walianza kutumia kombora la Kisovieti la kubebwa begani, Strela, na ndege za Wareno zikaanza kuanguka. Kuanzia hapo marubani hawakuwa na raha tena angani.

Wareno walijaribu kumaliza kazi kwa nguvu. Julai 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga aliendesha operesheni kubwa kuliko zote kule Cabo Delgado, maelfu kwa maelfu ya askari, na helikopta zikitumika sana. Kambi nyingi ziliharibiwa. Lakini wapiganaji walitawanyika, wengine wakafungua mapambano zaidi upande wa Tete. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno lenyewe, waliochoshwa na vita, wakaipindua serikali yao kule Lisbon. Tarehe 7 Septemba 1974 mkataba ukasainiwa Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Mashine zilikuwa za Mreno. Aliyeshinda ni yule aliyejua kukaa kimya chini ya mti.

SEHEMU YA 4: NESI NDANI YA HELIKOPTA, NA NESI ASIYE NA HELIKOPTA

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike yote haya.

Nilipokuwa nasoma kuhusu Alouette nikakutana na kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha chuoni. Mwaka 1961 jeshi la anga la Ureno lilianza kufundisha manesi wanawake kuruka kwa miamvuli. Waliingia mafunzoni 11, wakamaliza 6. Mpaka vita inaisha mwaka 1974 walikuwa wamefundishwa 46 kwa jumla. Walipelekwa Angola, Guinea na Msumbiji. Kazi yao: kupanda helikopta, kwenda mpaka pale askari alipoangukia, kumfunga jeraha, kumwekea dripu, na kurudi naye hewani. Mmoja wao alifia kazini kule Guinea mwaka 1973, alipogongwa na panga la ndege.

Alouette ile ile. Ukiondoa mzinga, inaingia machela mbili na watu wawili wa kukaa. Askari wa Kireno aliyekanyaga bomu la ardhini huko Niassa alikuwa amelala porini anasikiliza. Akisikia ile sauti anajua mama yake atamwona tena. Wale wazee wa Ureno wakiandika kumbukumbu zao leo, hilo ndilo wanalolitaja: sauti, halafu vumbi, halafu mkono wa nesi.

Sasa tuhamie upande wetu wa mpaka.

Mpiganaji wa FRELIMO akijeruhiwa kule kule Niassa, hana helikopta. Ana miti miwili na blanketi au gamba la mti, na wenzake wanne. Hebu tupige hesabu kidogo. Chukua kilomita 60. Helikopta ya kilomita 180 kwa saa inatumia dakika 20. Watu wanne wenye machela porini, wakijitahidi kilomita 4 kwa saa bila kupumzika, ni masaa 15. Na hawawezi kwenda bila kupumzika. Na hawawezi kwenda mchana, kwa sababu helikopta iko juu. Kwa hiyo safari ya dakika 20 inakuwa siku mbili, siku tatu.

Wenzangu wa afya mnajua maana yake. Mshipa mkubwa wa damu ukikatika hausubiri siku tatu. Jeraha la tumbo halisubiri. Kamba ya kubana damu ukiiacha masaa mengi mguu unakufa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mbebaji aliniambia kwamba kilichomchosha hakikuwa uzito wa majeruhi. Kilichomchosha ni ukimya wa majeruhi. Akilalamika, unafurahi. Akinyamaza, unaogopa kuangalia.

Waliofanikiwa kufika walipokelewa Tanzania. Pale Mtwara FRELIMO walikuwa na hospitali yao iliyopewa jina la Dkt. Américo Boavida. Huyo alikuwa daktari wa Angola, mwanachama wa MPLA, aliyekuwa akitibu watu msituni mashariki mwa Angola. Wareno walimuua mwaka 1968 katika shambulio lililokuja kwa njia ya anga. Yaani daktari ameuawa kutoka juu, na jina lake likawekwa kwenye hospitali ya kutibu watu waliopigwa kutoka juu. Nikikumbuka hilo huwa napumua kwanza.

Na kuna jambo jingine, hili mtalipenda. Kamanda aliyeongoza vita hii alikuwa nesi. Ndiyo, Samora Machel. Alisomea uuguzi na kufanya kazi katika hospitali ya Miguel Bombarda mjini Lourenço Marques, ambayo leo ndiyo Maputo. Mwaka 1963 akatoroka kuja Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO. Akafundishwa kijeshi Algeria, akarudi kuongoza mafunzo, mwaka 1966 akawa mkuu wa ulinzi wa chama, na mwaka 1970 rais wa FRELIMO baada ya Mondlane kuuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969.

Kwa hiyo vita ile ilikuwa na manesi pande zote mbili. Mmoja ana helikopta, mwingine ana machela ya miti. Mimi siwezi kumchukia yule dada wa Kireno aliyeshikilia dripu angani. Alifanya kazi ambayo mimi ningeifanya. Lakini lazima tuseme ukweli: kule Niassa maisha ya mtu yalitegemea mashine ile inamjia yeye au inamfuata.

SEHEMU YA 5: HELIKOPTA ILIPOKUWA YETU, NA SIKU AMBAYO ILIKOSEKANA

Msidhani hadithi iliishia 1975. Wazee wa Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ninaowafahamu hawaongelei helikopta sana, wao ukiwagusa tu wanakuambia habari za mizinga ya Saba Saba. Lakini baada ya Samora kufa katika ajali ya ndege Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986, askari wetu walirudi Msumbiji kuisaidia serikali dhidi ya RENAMO, wakakaa mpaka 1988. Wakati huo jeshi la Msumbiji lilikuwa na helikopta za mashambulizi za Kisovieti, Mi-24. Warusi wenyewe waliiita kifaru kinachoruka. Ina silaha mbele na kwenye mabawa, na tumboni inabeba askari wanane. Waliokuwa vijana wakati Mreno anawasaka sasa walikuwa watu wazima, na kitu cha juu kilikuwa cha rafiki. Wengine wanakiri kwamba akili ilijua ni rafiki, ila miguu ilikuwa bado inatafuta mti.

Halafu ikaja Congo. Hapa tunaongelea wanajeshi ambao ni rika langu, nimesoma nao shule ya msingi. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 la kuunda brigedi maalum ya kupigana na waasi mashariki mwa Congo. Wanajeshi walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, wakiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania. Waasi wa M23 walikuwa wamekaa vilimani kaskazini mwa Goma. Ukishakaa kilimani umejichimbia, mtu wa chini anapanda kwa damu.

Umoja wa Mataifa ulikuwa na Mi-24 za Ukraine. Baadaye Afrika Kusini ikaleta helikopta zake za Rooivalk, zilizotengenezwa Afrika Kusini kwenyewe. Tarehe 4 Novemba 2013 Rooivalk zikapiga kwa roketi maficho ya M23 kwenye vilima vya Chanzu. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kwa helikopta hizo kupigana vitani. Kesho yake, tarehe 5, M23 wakatangaza kusitisha mapambano. Vijana waliokuwa chini wanasimulia wakicheka na kupiga makofi. Kwao sauti ya mapanga juu ilimaanisha twendeni mbele.

Babu alijificha chini ya mti, mjukuu anapiga makofi. Ungeishia hapa ungesema historia imetulipa.

Ila haiishii hapa. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wetu pale Semuliki, wilaya ya Beni, ilishambuliwa na waasi wa ADF. Ilikuwa jioni, mapigano yakaenda usiku, saa nyingi. Habari za kwanza zilisema wamekufa 14, baadaye ikawa 15, na makumi wakajeruhiwa. Ni moja ya siku mbaya kuliko zote kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe uliotolewa mwaka uliofuata ulisema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu na kuwaondoa askari wake, na ukataja upungufu wa vitu muhimu, usafiri wa anga ukiwemo.

Soma tena hapo. Usafiri wa anga. Helikopta ambayo babu aliomba iondoke, mjukuu aliomba ije.

Mimi sio mwanajeshi, siwezi kuhukumu nani alitakiwa kuruka saa ngapi. Ila kama nesi najua kinachoendelea kwenye mwili wa mtu anayevuja damu usiku huku anasikiliza angani na hasikii kitu. Ndo maana nikasema kumbukumbu ni mbili kwa mashine moja. Kumbe hata ndani ya ukoo mmoja zinaweza kuwa mbili.

SEHEMU YA 6: KWA NINI INATUHUSU SISI, LEO

Tangu kampeni za mwaka 2005, wagombea wamezoea kuja na chopa. Watoto wanakimbilia uwanjani, akina mama wanafunga khanga vizuri vumbi lisiwapofue, vijana wanapiga picha. Ni shangwe. Lakini siku hiyo ukienda nyumbani kwa baadhi ya wazee utamkuta mtu yuko chumbani, kajifungia, anatoka jasho. Akija kliniki kesho yake presha iko juu. Ukimuuliza umekula nini, atakuambia hajala kitu. Familia inasema mzee ana majini, au mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Wapendwa, mara nyingi hayo siyo majini. Ubongo wa mtu aliyewahi kunusurika kifo hutunza ile sauti kama king'ora. Hata ipite miaka 50, sauti ikirudi mwili unafanya ulichofanya siku ile: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, mtu anatafuta pa kujificha. Kuna wanaoota ndoto zile zile. Kuna wanaofoka bila sababu. Kuna waliokimbilia pombe miaka mingi na sisi tukawaita walevi. Hili ni jeraha, ni vile tu halina bandeji. Na linatibika, au angalau linapungua, mtu akisikilizwa na kupata huduma ya afya ya akili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza ni kwa manesi na madaktari wenzangu wa mkoa huu. Tunapochukua historia ya mgonjwa mzee tunauliza sigara, pombe, kisukari kwenye ukoo. Tuongeze swali moja: Shikamoo babu, uliwahi kuwa jeshini, au uliishi mpakani wakati wa vita? Swali hilo halichukui dakika, na linaweza kueleza mambo ambayo dawa za presha hazijayaeleza.

La pili ni kwa wajukuu. Una simu ya kurekodi. Alouette ya mwisho ya Ureno ilistaafishwa mwaka 2020, baada ya miaka 57 ya kazi, na walifanya sherehe. Mashine imeagwa kwa heshima. Babu yako aliyeishi kwa sababu alijua inageukia upande gani, nani amemuaga? Mashujaa wetu wengine wamelala pale Naliendele, Mtwara, na kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka. Lakini aliyerudi nyumbani akalima kahawa kimya kimya, wa kumkumbuka ni wewe.

Usimwanze kwa kumuuliza aliua wangapi. Hilo swali linafunga mlango. Muulize mlikuwa mnapika saa ngapi. Muulize mlitembeaje usiku bila taa. Muulize ulikuwa unaijuaje kwamba inakuja. Muulize nani alikubeba, au ulimbeba nani. Akinyamaza, nyamaza naye, usimsukume. Akilia, mshike mkono. Asipotaka siku hiyo, mletee uji, mtajaribu siku nyingine.

La tatu ni kwetu sote. Tukisikia kelele za mapanga angani, kabla hatujakimbilia uwanjani, tupite kwanza kwa mzee. Tumwambie tu: Babu, hiyo ni chopa ya kampeni, inatua shuleni, haina neno. Maneno hayo hayana gharama. Mtu aliyekaa masaa matatu chini ya mti akisubiri mafuta ya adui yaishe anastahili kuambiwa mapema kwamba inayokuja leo haimtafuti yeye.

Mimi naingia zamu ya usiku. Mwenye babu au bibi aliyeishi enzi hizo, kaa naye wikiendi hii, andika kwenye daftari, weka tarehe na jina la kijiji. Wiki ijayo Mungu akijalia turudi kwenye mambo yetu ya kisukari. Muwe na siku njema.